Hadubini Isiyotengenezeka Si Zawadi

Mtoto anapoamka usiku mwili ukimchoma kama kaa la moto, mzazi hana muda wa maneno mengi. Humfunga mgongoni, hushika njia, na jua humkuta mbele ya mlango wa zahanati. Anachotaka kujua ni jambo moja tu: mwanangu anaumwa nini? Mara nyingi jibu la swali hilo limo ndani ya tone moja la damu. Lakini tone la damu halisemi mpaka lipatikane jicho la kulisoma, na jicho hilo ni hadubini.

Leo twapenda kusema juu ya chombo hicho. Hatusemi kwa kuwa ni kitu kigeni au cha ajabu. Twasema kwa sababu twaona hatari ya kuendelea kukipokea kama sadaka, kukitunza kama sadaka, na mwisho kukizika stoo kama sadaka. Katika miaka ya karibuni wavumbuzi wa nchi mbalimbali, na miongoni mwao vijana wa Tanzania, wamebuni hadubini ndogo, nyepesi, za bei ya chini, ziwezazo kuchukuliwa mkononi mpaka kijijini. Jambo hili ni jema, na twawapongeza. Lakini si kila cha bei ndogo ni nafuu, wala si kila chepesi kubeba chaweza kubeba kazi.

Maoni yetu ni haya. Hadubini inayozifaa nchi kama yetu ni ile inayomwona mdudu inayotakiwa kumwona, na ambayo ikiharibika hutengenezwa na fundi wa hapa hapa. Iliyokosa moja ya mambo hayo mawili, hata tukipewa bure, imetugharimu.

Kazi haijaisha

Wapo watakaotuuliza: hadubini ya nini siku hizi, na vipimo vya haraka vimeenea kila mahali? Swali hili ni la haki nalo lastahili jibu.

Vipimo vya haraka vya malaria vimefanya kazi kubwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa, na ushauri huo usingeweza kufuatwa vijijini bila vipimo hivyo vidogo visivyohitaji umeme wala maabara. Hatuvidharau hata kidogo. Lakini kipimo cha haraka hujibu ndiyo au siyo, hakihesabu. Hakimwambii mganga kama mgonjwa ana vimelea vichache au damu yake imejaa vimelea. Aina inayotumika zaidi hutafuta protini iitwayo HRP2, na protini hiyo yaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hata kipimo kikasema ndiyo ilhali vimelea vimekwisha kufa. Tena wako vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo, na hao hupita mbele ya kipimo kama mwizi apitaye mbele ya mlinzi kipofu. Eritrea iliona jambo hili hospitalini, na mwaka 2016 ikalazimika kubadili aina ya kipimo chake. Vimelea wa namna hiyo wameonekana pia Ethiopia na Djibouti.

Mwenye hadubini hadanganywi kwa njia hiyo, maana hatafuti alama ya mdudu bali humtazama mdudu mwenyewe. Huhesabu vimelea na chembe nyeupe za damu, na kwa hesabu hiyo mganga hujua ukubwa wa ugonjwa na kuona kama dawa inafanya kazi. Huwatenganisha vimelea wa aina moja na nyingine. Na hadubini hiyo hiyo iliyosoma damu asubuhi yaweza kusoma makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu adhuhuri, na mkojo wa mtoto mwenye kichocho jioni. Kipimo cha haraka kikitumika mara moja hutupwa. Hadubini nzuri iliyotunzwa huweza kuwatumikia watu miaka ishirini.

Kwa hiyo basi, kazi ya hadubini haijaisha. Kilicho na taabu ni hali ya hadubini zetu.

Masanduku na picha

Historia ya chombo hiki katika bara letu ni ya siku nyingi. Vimelea vya malaria vilionekana kwa mara ya kwanza hapa hapa Afrika, mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipochungulia damu ya mgonjwa huko Algeria. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898 akichunguza malaria. Ardhi ilikuwa yetu na ugonjwa ulikuwa wetu. Lakini chombo kilikuja sandukuni kutoka Ulaya, na ufundi wa kukitengeneza ukabaki Ulaya.

Miaka zaidi ya 120 imepita tangu wakati huo. Wakoloni wamekwisha kuondoka, bendera imebadilika, na maabara zetu zimejaa wataalamu wetu wenyewe. Lakini sanduku bado linatoka kule kule. Hadubini huletwa, hupokewa kwa hotuba, huwekwa mezani, hufanya kazi mwaka mmoja au miwili. Siku moja taa yake huungua, na taa ya namna ile haipatikani dukani. Au ukungu huota katika lenzi kwa sababu ya unyevu wa hewa ya pwani, na hakuna aliyefundishwa namna ya kuusafisha. Au gurudumu dogo la kuisogeza slaidi huvunjika jino moja, na jino hilo moja huangusha mashine nzima. Chombo hufunikwa kitambaa, kisha huhamishiwa stoo, na mganga hurudi kutibu kwa kukisia.

Haya si maneno ya kutunga. Mwaka 2011 wachunguzi Perry na Malkin walichapa hesabu ya vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Waliona kwamba vifaa 38 katika kila 100 havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni tatu: watu hawakufundishwa, matunzo hayakupangwa, na mahali penyewe hapakuwa na umeme wa kutegemewa na mahitaji mengine kama hayo. Msomaji na atazame sababu hizo vizuri. Hakuna hata moja inayoondolewa kwa kuleta sanduku jingine.

Na hapa sisi waandishi hatuna budi kujikosoa wenyewe. Ni mara ngapi magazeti yetu yamechapa picha ya kiongozi akishika upande mmoja wa sanduku na mfadhili upande wa pili, wote wakitabasamu? Na ni mara ngapi tumerudi katika zahanati ile ile baada ya miaka miwili kuuliza kama kilichokuwamo sandukuni bado kinafanya kazi? Tulipenda harusi, ndoa hatukuitazama. Kosa hilo ni letu pia.

Urahisi peke yake hautoshi

Kwa sababu ya taabu hizo, wavumbuzi wengi walianza kuuliza: kwa nini hadubini iwe nzito na ya bei kubwa? Wazo lenyewe si jipya. Tangu miaka ya 1930 daktari Mwingereza John McArthur alibuni hadubini ya mkononi kwa kazi ya porini. Lakini simu zenye kamera zilipofika mikononi mwa watu wengi, wazo hilo lilipata nguvu mpya.

Hapa kwetu kuna mfano ambao kila mwananchi yafaa aujue. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Pemba. Watafiti walichukua simu ya kawaida, wakabandika mbele ya kamera yake lenzi ndogo ya duara kama gololi, yenye upana wa milimita 3 na bei ya dola kama 8, wakaishikiza kwa utepe wa gundi. Kwa chombo hicho walisoma slaidi 199 za choo cha watoto, kisha wakalinganisha na hadubini ya maabara. Katika kila slaidi 100 zenye minyoo mviringo, simu iliona 81. Hiyo si kazi ndogo kwa kigololi cha dola 8. Lakini kwa minyoo ya mjeledi iliona 54 tu. Na kwa minyoo ya safura, ile ifyonzayo damu ya mama mjamzito na kumpunguzia mtoto nguvu ya kusoma, iliona 14.

Kumi na nne katika mia! Maana yake ni kwamba watoto 86 kati ya 100 wenye safura wangeambiwa kuwa hawana. Watafiti hawakuficha jambo hilo. Waliliandika wazi, nasi twawaheshimu kwa uaminifu wao. Walikuwa wakijaribu wazo, hawakuwa wakiuza bidhaa.

Mfano wa pili ni hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Manu Prakash na wenzake, na kutangazwa mwaka 2014. Hukunjwa kama bahasha, uzito wake haufiki gramu 10, na vitu vya kuitengenezea havizidi dola moja. Kwa shule ni hazina. Mtoto wa darasa la tano aweza kumwona kwa macho yake mdudu aishiye katika maji ya dimbwi, na asiisahau siku hiyo maisha yake yote. Lakini ilipojaribiwa Ghana kwa kutafuta mayai ya kichocho katika mkojo, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, iliwatambua wagonjwa 56 hivi katika kila 100. Kwa somo la shule, yatosha. Kwa kumwambia mgonjwa nenda nyumbani huna ugonjwa, haitoshi.

Twaeleza haya kwa sababu kuna mawazo mabaya yanayotaka kujipenyeza, nayo ni mawazo ya kwamba maskini hapaswi kuchagua. Husemwa kwa upole: afadhali hadubini dhaifu kuliko kukosa kabisa. Sisi twakataa. Hadubini inayosema hakuna ugonjwa wakati ugonjwa upo, ni mbaya kuliko kukosa hadubini, maana asiye na hadubini hujua kuwa hajui, akatahadhari. Aliyedanganywa na chombo hulala usingizi. Na ile inayosema malaria ipo wakati haipo, humpa mtoto dawa ya malaria huku nimonia au homa ya uti wa mgongo ikimmaliza. Mwili wa mkulima wa Rufiji hauna thamani ndogo kuliko mwili wa bwana wa London, wala vimelea vyake si vikubwa zaidi vionekane kwa lenzi mbovu. Kimelea kichanga cha malaria, wakati kina umbo la pete, kina upana wa sehemu kama 2 za elfu ya milimita. Kukiona kunataka kukuza mara 1,000 kwa lenzi nzuri yenye tone la mafuta, na rangi ya Giemsa iliyochanganywa sawasawa. Maumbile hayatoi punguzo kwa maskini.

Chombo kimoja kazi moja

Lakini haifai mtu aelewe kwamba vyombo vidogo havina faida. Vina faida kubwa pale kazi yake inapochaguliwa vizuri.

Tazama mfano wa Kamerun. Dawa ya ivermectin hutumika dhidi ya usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni. Lakini katika misitu ya Afrika ya Kati kuna mnyoo mwingine aitwaye Loa loa, na mtu mwenye minyoo hiyo kwa wingi sana katika damu aweza kupata madhara mabaya ya ubongo, hata kufa, akimeza dawa hiyo. Kwa hofu hiyo watu wengi waliachwa bila dawa. Ndipo watafiti walipotengeneza hadubini iliyounganishwa na simu, yenye kazi moja tu: kuchukua picha za tone la damu zikitembea, na kuhesabu minyoo kwa namna inavyochezacheza na kuzisukuma chembe za damu. Rangi haihitajiki, wala jicho la mtaalamu aliyesoma miaka mitatu. Mwaka 2015 katika wilaya ya Okola walipimwa watu 16,259 kwa chombo hicho. Watu 340 walionekana kuwa na minyoo mingi mno, nao hawakupewa dawa. Zaidi ya 15,500 wakapewa. Halikutokea hata tukio moja la madhara makubwa ya aina ile iliyokuwa ikiogopwa.

Hapo chombo kidogo kiliokoa watu, na siri yake haikuwa bei. Siri ilikuwa kwamba waliokibuni walianza na ugonjwa, wakauliza mganga wa kule porini anahitaji kujua jambo gani, kisha wakatengeneza chombo cha kujibu jambo hilo. Wengi huanza upande wa pili: hupata chombo kwanza, kisha huzunguka wakikitafutia mgonjwa.

Kilichofanyika kwetu

Sasa tuje nyumbani. Hadubini iitwayo OpenFlexure ilianza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikaendelezwa Bath. Na kwa miaka kadhaa imefanyiwa kazi pamoja na wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara na mafundi wa karakana ya STICLab, Dar es Salaam. Taarifa ya kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2020, ina majina ya Watanzania bega kwa bega na ya Waingereza, nayo yasema kwamba hadubini zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa Tanzania na Kenya kwa kazi za masomo, utafiti na tiba.

Yafaa wafanyakazi wa viwandani na karakana waelewe jinsi inavyofanya kazi, kwa kuwa siri yake ni ya kifundi. Hadubini ya kawaida husogeza slaidi kwa meno ya chuma yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa, na meno hayo ndiyo ghali, na ndiyo huchakaa. Hii haina meno hayo. Kiwiliwili chake huchapwa kwa plastiki na mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, na mahali pa kusogea pamefanywa pembamba ili plastiki yenyewe ipinde kidogo, kama fimbo ya mwanzi ipindavyo na kurudi. Kwa kupinda huko slaidi husogea hatua ndogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mota ndogo huisukuma, kamera huchukua picha, na kompyuta ndogo ya bei nafuu huiongoza. Lenzi yake ni lenzi kamili ya maabara, ile ya tone la mafuta, kwa hiyo kimelea cha malaria huonekana. Uzito wa chombo chote ni kama nusu kilo.

Lakini hata hilo silo kubwa. Kubwa ni kwamba michoro yake imewekwa wazi kwa kila mtu. Hakuna hataza ya kulipia wala mlango wa kubisha hodi. Kiwiliwili kikivunjika, fundi huchapa kingine. Akiona kwamba vumbi la Dodoma laingia mahali fulani, hubadili mchoro, akaziba. Na mabadiliko yake huweza kumsaidia fundi wa nchi nyingine.

Miaka kama 350 iliyopita Mholanzi mmoja, Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, alitengeneza kwa mikono yake hadubini nzuri kupita zote za wakati wake, akawa mtu wa kwanza kuviona vijidudu. Lakini namna yake bora ya kutazama aliificha, akafa nayo mwaka 1723. Haikuwa rahisi kwa wengine kuona alichokiona. Elimu iliyofichwa hufa na mwenyewe. Elimu iliyogawanywa huzaa.

Ukweli wote

Hata hivyo hatutaki kuwapamba vijana wetu kwa maneno mpaka tuwaharibie kazi. Lenzi, kamera na kompyuta bado vyatoka ng'ambo. Plastiki inayotumika sana katika mashine hizo huanza kulegea joto likifika nyuzi kama 60, na gari lililofungwa madirisha juani laweza kuikaribia hali hiyo. Na juu ya yote, chombo cha kupimia mgonjwa si kama meza au kabati. Lazima kipimwe chenyewe kwanza, kilinganishwe na hadubini bora kwa mamia ya slaidi, na kipate kibali cha mamlaka husika. Uzalendo si kibali. Chombo kilichotengenezwa Dar es Salaam kikikosea, mtoto atakayeumia ni wa Dar es Salaam au Kigoma.

Tena hakuna mashine itakayofanya kazi ya mtaalamu wa maabara. Mtu huyu hasifiwi magazetini. Hukaa juu ya kiti kigumu, hutazama uwanja wa kwanza wa slaidi, wa pili, wa tatu, mpaka mia na zaidi, kabla hajathubutu kuandika neno hakuna. Slaidi ya ishirini ya siku lazima aisome kwa uangalifu ule ule wa slaidi ya kwanza, ingawa macho yamechoka na foleni bado ipo. Mashine inayojisogeza na kupiga picha yaweza kumpunguzia taabu. Picha yaweza kutumwa kwa mwenzake wa mkoani wakashauriana. Lakini aliyepaka damu vizuri juu ya slaidi ni yeye, aliyechuja rangi ni yeye, na atakayegundua kuwa jibu la mashine halilingani na hali ya mgonjwa ni yeye. Kununua hadubini na kumsahau mtu huyu ni kununua jembe na kumfukuza mkulima.

Tunayoyataka

Basi twasema nini? Kwanza, twaitaka Serikali, kila inaponunua au kupokea hadubini, iulize maswali manne kabla ya kutia sahihi: Je, imepimwa kwa ugonjwa tunaoutaka? Nani ataitengeneza? Kipuri kitatoka wapi? Na mafunzo yamo katika bei? Mfadhili asiyetaka kujibu maswali hayo na ashukuriwe kwa adabu, na sanduku lake lirudi. Rafiki wa kweli hatachukia kuulizwa.

Pili, hadubini za kutengenezwa hapa nchini zikipita majaribio na kupata kibali, zinunuliwe. Ni aibu kumsifu fundi jukwaani kisha kuandika zabuni ambayo hawezi kuiomba, kwa sababu imetaja jina la kiwanda cha ng'ambo. Karakana haiishi kwa makofi. Huishi kwa kazi.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi vifundishe matengenezo ya vifaa tiba kwa uzito ule ule wa ufundi wa magari. Kijana aliyeweza kufungua injini na kuifunga tena hatashindwa kubadili taa ya hadubini, kusafisha ukungu wa lenzi, au kuchapa kipuri cha plastiki. Anachokosa ni mwalimu na bisibisi ndogo.

Nne, wanachama walio katika halmashauri na kamati za zahanati wasingoje amri kutoka juu. Waingie stoo. Wahesabu hadubini zilizolala humo, waandike kila moja ina kasoro gani, na tangu lini. Twaamini kwamba nyingi hazikufa. Zimezimia tu kwa kukosa kitu cha bei ya mlo mmoja. Hesabu hiyo peke yake ingekuwa mwanzo mzuri kuliko mikutano kumi.

Na kwa wavumbuzi wa nchi tajiri, ambao wengi wao wana nia njema, twawaambia kwa udugu: msitubunie, bunini pamoja nasi. Njooni mkae na mtaalamu wa maabara siku ya mvua, umeme umekatika na foleni imefika mlangoni. Mkiona kazi yake kwa siku moja mtajua mengi ambayo hayamo katika vitabu vyenu.

Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili methali hiyo haina haja ya kufasiriwa. Anayetegemea jicho la mwenziwe siku atakaponyang'anywa hubaki gizani, na gizani humo mdudu mdogo kupita vyote huwa mkubwa kuliko simba. Hatusemi tufunge milango. Hakuna taifa lililojenga elimu yake peke yake, na lenzi njema ni njema hata ikitoka mwisho wa dunia. Twasema tujue kuitumia, tujue kuitengeneza, na mwisho tujue kuiunda.

Mama aliyefika zahanati alfajiri na mtoto mgongoni hajali hadubini ilitoka wapi. Anajali kwamba ipo, inafanya kazi, na inasema kweli. Kesho akirudi aikute bado ipo, na bado inasema kweli. Hicho ndicho kipimo chetu, na kwa kipimo hicho twataka tupimwe sisi sote: Serikali, chama, mafundi, na sisi tunaoandika.